Mzigo Uliolala Igawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koleo. Lilikuwa koleo zito la chuma, lenye meno mawili bapa, na ndani ya meno hayo zilichongwa herufi za kampuni, kinyumenyume, kama zinavyochongwa kwenye muhuri. Aliyenikabidhi ni Karani Mkuu, mtu wa Songea ambaye hakuvua tai hata siku za kupakia saruji.

"Unajua hiki ni nini?" aliniuliza.

"Koleo, mzee."

"Hapana, mwanangu. Hii ndiyo kampuni. Likipotea hili, sisi sote twende tukalime."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika yadi yetu ya Mlandege pale Iringa. Kampuni ilikuwa ya malori. Ilipeleka bidhaa za madukani Mbeya: sukari, chumvi, nguo, mafuta ya taa. Ilirudi na kahawa na ngozi. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka shule ya kati, middle school kama tulivyoiita, na cheo changu kilikuwa karani wa lango. Kazi yangu ilikuwa kutia lakiri.

Ninyi mnaofanya kazi leo huenda hamjaiona lakiri ya aina ile, kwa hiyo niieleze. Lori likishapakiwa, lilifunikwa turubai, na waya mwembamba ulipitishwa kwenye matundu ya turubai kuzunguka bodi nzima. Ncha mbili za waya zilikutana nyuma. Hapo nilizipitisha kwenye kidonge cha risasi kilicho laini, nikakibana kwa lile koleo mpaka herufi za kampuni zikajichora juu yake. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuingiza mkono kwenye mzigo bila kukata waya, na waya ukikatwa hauungwi bila kuonekana. Lakiri iliyotoka Iringa ilitakiwa ifike Mbeya vilevile ilivyo.

Meneja wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyewahi kuwa askari. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema kama mtu anayetoa amri kwa kikosi. Kila Jumatatu asubuhi alisimama kwenye ngazi ya ofisi akatuambia maneno yaleyale: "Mali haipotei kwa upepo. Inapotea kwa mikono. Zuia mikono, mali iko salama."

Na kweli aliizuia mikono. Yadi ilizungushiwa seng'enge. Palikuwa na mbwa, palikuwa na askari wa geti, na jioni kila mtu alipekuliwa kabla ya kutoka. Hata Karani Mkuu alifungua chombo chake cha chakula askari aangalie ndani, na mara nyingi ndani palikuwa na mabaki ya maharage tu. Alikuwa akimwambia askari, "Angalia vizuri, baba, usije ukaniachia harage la kampuni."

Haya maneno ya "usalama wa kiuchumi wa kampuni" mnayosikia leo kwenye semina hayakuwapo. Sisi tulisema kulinda mali, na kulinda mali kulikuwa na maana ya kumlinda mfanyakazi asiibe. Nawaomba msimcheke yule Meneja. Wizi ulikuwapo, na mtu aliyewahi kufungua gunia la sukari akakuta nusu yake mchanga ana haki ya kupenda kufuli. Alifikiri kama wakati wake ulivyomfundisha. Sheria yake kuu ilikuwa moja, nayo iliandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: dereva anayevunja lakiri njiani amejifukuza kazi. Hapakuwa na kusikilizwa wala kuombewa.

Dereva wetu bora aliitwa Ambilikile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpana wa mabega, mwenye watoto wengi na kicheko kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kila nilipobana lakiri ya lori lake alinisimamia nyuma.

"Bana vizuri, Mhehe. Usiku nitasikia sukari inaniita."

"Itakuitaje wewe? Sukari haizungumzi na watu wa ndizi."

"Ndizi ndiyo sukari yenyewe, mnyalukolo! Mungu alitupandia sisi, ninyi akawaachia mawe."

Tulitaniana hivyo, akiniita mnyalukolo, yaani ndugu kwa Kihehe, kisha akapanda, akapiga honi mara moja, akaondoka. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba lakiri yangu ndiyo inayosafiri na yeye kama mlinzi.

Masika moja mvua zilikuwa kali kuliko kawaida. Barabara ilikuwa ya udongo, na Mto Mbarali pale Igawa ulipanda mpaka kwenye kingo za daraja. Asubuhi dereva wa basi lililotoka kusini alisimama getini kwetu, tope mpaka magotini, akasema, "Lori lenu limeanguka Igawa. Ambilikile mzima. Lakini turubai limefunguliwa, na ndani hamna kitu."

Meneja alitoka ofisini bila kofia. "Lakiri?"

"Waya umekatwa, Bwana."

Mzigo ule ulikuwa wa mfanyabiashara wa jumla wa Mbeya, mteja wetu mkubwa. Nusu ya malori yetu yaliishi kwa mizigo yake. Meneja alinielekeza kidole. "Wewe ndiye uliyetia lakiri. Utakuja kuitambua." Tukapanda gari lake dogo, tukaelekea kusini.

Njiani hakuzungumza nami isipokuwa mara moja, karibu na Makambako. "Yule ana watoto wangapi?" aliuliza. Nikamjibu kwamba ni wengi. Nadhani alikuwa ameshaamua, na uamuzi ulikuwa unamuuma.

Tulikuta lori limelala ubavu kwenye mteremko wa mto, maji yakipita kwenye matairi ya upande mmoja. Chini zaidi, katikati ya maji, palionekana lori jingine la kampuni nyingine lililozama mpaka dirishani. Ambilikile alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, tumbo mbele, anapumua kwa shida kama mtu aliyepigwa. Alipotuona alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena.

"Umeumia?" nilimuuliza.

"Sijaumia, mnyalukolo. Nimeshiba. Usiniguse."

Meneja aliokota waya uliokatwa, akanionyesha lakiri. Ilikuwa yangu, na herufi zilisomeka vizuri kabisa. "Nani alikata?"

"Mimi, Bwana."

"Mzigo uko wapi?"

"Upo, Bwana. Umelala kwa watu."

"Kwa watu gani?"

Ambilikile akanyoosha mkono kuonyesha nyumba zote za Igawa, za nyasi na za bati, zilizotawanyika juu ya mteremko. Alieleza kwamba lori lilipoanza kuteleza alijua maji yatalifikia bodi. Akakata waya, akaita watu, nao wakabeba magunia na marobota ya nguo, kila nyumba kwa nafasi yake.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Umechukua sukari ya mteja wangu ukaigawa kijijini. Sheria unaijua. Kuanzia sasa wewe si mtu wa kampuni."

Ambilikile alivua kofia yake ya kazi, ile yenye nembo, akaiweka juu ya jiwe. Mimi niliangalia mto.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo mawazo yangu kuhusu kazi hii yalipogeuka.

Meneja alinichukua tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya mzigo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Zaina, mwanamke aliyepikia madereva pale njia panda. Magunia yetu tuliyaona kwa macho, yamepangwa juu ya magogo mbali na sakafu yenye unyevu, yamefunikwa mkeka wake wa kulalia.

"Haya ni mali yangu," Meneja alisema.

"Najua, Bwana. Karibu," alijibu Mama Zaina. "Lakini wewe ulikula hapa?"

"Nile kwa nini?"

Mama Zaina akanitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie kumwelewesha mtoto. "Baba, mwambie. Mzigo wa mgeni haulali ndani ya nyumba mpaka mgeni mwenyewe ale humo. Akila, mzigo umekuwa mgeni, hakuna wa kuugusa. Na aliyekula ndiye anayekuja kuuchukua. Nikimpa mwingine, nimemuuza mgeni wangu."

Maneno Meneja aliyasikia, desturi ndiyo iliyompita, nikamfafanulia. Alifikiri ni maneno ya mwanamke mmoja. Tukaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Kote tuliambiwa karibu, kote tuliiona sukari, na kote tuliulizwa swali lilelile, kwa upole uleule. Mzee mmoja aliongeza, "Yule dereva wenu alikula hapa ugali na mboga. Alikuwa ametoka kula kwa jirani, machozi yanamtoka, lakini alimaliza."

Hapo nikaelewa kile kitambi cha ghafla. Ambilikile alikuwa amekula kila nyumba iliyopokea gunia.

Tuliporudi kwa Mama Zaina, Meneja alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nikila sasa hivi?"

Nilimuuliza Mama Zaina. Akacheka akajifunika mdomo kwa khanga. "Ale tu, chakula kipo. Lakini akila leo, alete na mzigo wa leo. Huu una mgeni wake tayari."

Meneja angeweza kumwita jumbe, angeweza kwenda polisi. Alikuwa na nguvu hizo, na wakati ule Mzungu akisema neno lilisikika. Mpaka leo namheshimu kwa kuwa hakuzitumia. Alisimama, akateremka mpaka kwenye lile jiwe, akaichukua kofia.

"Dereva," alisema, "nenda ukachukue mzigo wa kampuni."

Ambilikile aliangalia chini. "Kampuni gani, Bwana? Nimesikia mimi si mtu wa kampuni."

Maji yalipiga kelele, na watu wa Igawa walikuwa wamejipanga juu ya mteremko. Meneja alimvika kofia kwa mikono yake mwenyewe, ikakaa upande.

"Dereva wangu," alisema. "Tafadhali. Chukua mzigo wetu."

"Ndaga, Bwana," akajibu Ambilikile kwa lugha ya kwao, maana yake asante. "Nitachukua. Ila unisaidie kusimama. Nikiambiwa karibu chakula tena nitakufa."

Watu wakaangua kicheko mteremko mzima. Lori letu jingine lilikuwa limeshafika likitokea Mbeya, na magunia yakaanza kutoka majumbani, kila nyumba ikimkabidhi Ambilikile kwa mkono. Tulipodhani tumemaliza, Mama Zaina alitokea na wanawake wawili, kila mmoja na chungu kichwani, kimefungwa jani la mgomba mdomoni.

"Na hii pia," alisema.

Meneja akachungulia. Ndani palikuwa na maji mazito ya rangi ya asali. "Hii ni nini?"

"Sukari yenu, Bwana. Gunia la chini lilikunywa maji kabla hatujalifikia. Tukalikamulia humu. Haikumwagika."

Vyungu vile tuliviweka kwenye gari dogo, kimoja nikakipakata mimi mpaka Mbeya. Tulipopita kando ya lile lori lililozama la kampuni nyingine, tuliona turubai lake limefungwa barabara, na nyuma kidonge cha risasi kinang'aa, hakijaguswa. Mto ulikuwa umeyeyusha kila kitu kilichokuwa ndani. Meneja alisimamisha gari akaitazama ile lakiri.

"Nzima," alisema. Halafu akaongeza: "Kumbe tulikuwa tunalinda waya."

Yule mfanyabiashara wa Mbeya alipokea mzigo wake mkavu. Vyungu alivitazama, akachovya kidole, akalamba, akasema hajawahi kuona kampuni inayoleta hata maji ya sukari. Alibaki mteja wetu. Maandishi mekundu ya ukutani hayakufutwa, lakini Karani Mkuu aliongeza chini yake, kwa mkono wake na kwa idhini ya Meneja: isipokuwa kuokoa mzigo au mtu.

Natamani niwaambie kwamba tangu siku hiyo tulikuwa werevu. Haikuwa hivyo, na nadhani kosa lililofuata lina mafunzo zaidi. Meneja alirudi amefurahi, akaamua kuuweka wema wa Igawa katika utaratibu. Alijenga pale ghala la bati, akalizungushia seng'enge, akapeleka mlinzi kutoka Iringa. Aliamini ameongeza usalama juu ya usalama. Masika yaliyofuata lori lilikwama tena, na watu wa Igawa walisimama kwenye mteremko wakitazama. Ambilikile alipowaita, Mama Zaina alimjibu bila hasira, "Baba, si mmejenga? Mgeni mwenye nyumba yake hatumwingilii." Hakuna aliyetubeza wala kutuibia. Ila hakuna aliyeshuka mtoni, na tulipata hasara kubwa tukiwa na ghala zuri lenye kufuli mbili.

Nilikuwa nimehamishiwa Mbeya wakati huo, chini ya Mkuu wa Tawi, mtu mnene, mtulivu, aliyefikiri huku akimenya machungwa. Huyo ndiye aliyenifundisha hatua nyingine. Alimshawishi Meneja alifunge lile ghala. Bati zake zilikwenda kuezeka darasa la shule ya pale. Halafu akaniuliza, "Malori yetu yakirudi Iringa wakati kahawa haijavunwa, yanabeba nini?"

"Yanarudi matupu, mzee."

"Na pale Chimala wananchi wana mpunga wanaoubeba kichwani. Unaona tunavyoilinda sukari ya mtu mmoja na kuuacha mpunga wa watu mia?"

Tukaanza kubeba mpunga wa Chimala kwa nauli ndogo. Mgonjwa wa Igawa alipandishwa bure mpaka hospitali ya Mbeya. Madereva walikula kwa Mama Zaina, na chakula kikalipwa na kampuni. Wengine ofisini walinung'unika kwamba tumekuwa shirika la huruma. Lakini ilipofika msimu ambao kahawa ilikuwa haba na yule mfanyabiashara wetu mkubwa akafunga duka akahama, kampuni nyingine za njia ile ziliuza malori yao. Sisi tulibebwa na mpunga. Mkuu wa Tawi alimenya chungwa, akasema, "Ukiegemea mguu mmoja, mwizi hahitajiki. Utelezi unatosha."

Kwa hiyo nimeona mawazo haya yakibadilika katika maisha ya kazi ya mtu mmoja. Kwanza tuliuliza: nani anaiba? Baadaye tukauliza: nani atatusaidia tukianguka? Mwisho tukauliza: tunasimama juu ya miguu mingapi? Maswali yote matatu ni ya kweli, na lile la kwanza halijafa. Mimi mwenyewe niliendelea kubana lakiri mpaka nilipopandishwa cheo. Tatizo lilikuwa kuliuliza hilo peke yake.

Mjukuu wangu Tumaini anafanya kazi kwenye kampuni moja Mbeya, katika idara yenye jina hilohilo refu la usalama. Ananieleza habari za kamera, bima, nywila na siri za wateja zinazoibwa bila mtu kuingia mlangoni. Namsikiliza kwa furaha, mengi siyaelewi. Mara moja nilimuuliza, "Na mto ukijaa, mjukuu wangu?" Akacheka. "Babu, sisi hatuna mto." Nikamwambia autafute, kwa maana kila kampuni ina wake, na kwamba akishaujua aende akawasalimie wanaoishi kando yake kabla ya masika. Akaniomba nimsimulie tena habari za vyungu. Ana akili yule.

Nilipostaafu niliamua kurudi Iringa. Nilikodi lori, nikapakia vitu vya nyumbani kwangu: kitanda, meza, kabati la mke wangu. Kwa mzaha nilifunga waya nyuma, ingawa koleo sikuwa nalo tena. Tulipofika Igawa springi ya gari ikakatika. Fundi akasema mpaka kesho. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Chimala, na turubai lilikuwa limetoboka.

Mwanamke wa makamo alitoka kwenye nyumba ya bati akaja kutuangalia. Nilimuuliza kama anamfahamu Mama Zaina.

"Alikuwa mama yangu. Mimi ndiye Zaina. Wewe ni nani, baba?"

Nikamwambia nilikuwa mtu wa yale malori, nikamtajia Ambilikile, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa kwao Tukuyu, dereva mpaka siku alipoacha usukani mwenyewe.

"Yule aliyekula nyumba zote!" Alipiga makofi. "Hapa watoto wanaosaza chakula bado wanaambiwa habari zake."

Kisha akawaita vijana, wakakata ule waya wangu, wakaanza kuteremsha kabati. Mimi nikaelekea mlangoni kuwaonyesha pa kuliweka. Zaina akanizuia kwa mkono kifuani, kwa adabu, akaniwekea kigoda.

"Kwanza ukae, baba," alisema. "Ule."

Nilikuwa nimeshiba. Nikakaa, nikanawa, nikala mpaka sahani ikaisha.